Aliyerudi Tenebugu

Siriman Jara alizaliwa uani kwa Mzee Faraban Jara, mkuu wa kijiji cha Tenebugu, na jina la ukoo alilolibeba halikuwa lake, lilikuwa la mwenye ua. Bibi yake alitekwa utotoni katika vita vya wafalme wa zamani, akauzwa kwa farasi mmoja mzee na mabamba mawili ya chumvi. Tangu hapo wote waliotoka tumboni mwake walikuwa wazalia: watu wa nyumbani, wanaokula chungu kimoja na bwana wao lakini baada yake, wanaolima shamba lake siku tano na lao siku mbili, wanaoitwa harusini kucheza ngoma za matusi kwa sababu mzalia, walisema waungwana, hana haya ya kulinda.

Mama yake, Nyeba, ndiye aliyekuwa mtwangaji wa ua ule. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiye na maneno mengi. Mumewe alifukiwa na kisima alichokuwa akimchimbia Faraban, akamwachia watoto wawili wa kiume: Siriman, na Zanke aliyemfuata kwa miaka saba. Zanke alikuwa na mdomo. Aliweza kumtania hata mkuu wa kijiji na bado akakatiwa kipande cha nyama. Siriman hakuwa hivyo. Yeye alikuwa mtu wa jembe. Ukimwonyesha shamba asubuhi, jioni ulimkuta upande wa pili.

Vita vya Wazungu vilipofika Tenebugu havikufika kama vita. Chumvi iliadimika. Kisha farasi wakachukuliwa, kisha magunia ya uwele, na mwishoni mwa mwaka wa elfu moja mia tisa na kumi na tano wakaanza kutakwa watu. Vijiji vya ng'ambo ya mto Bani vilikataa. Vikafunga malango, vikala yamini, na Wafaransa wakaja na mizinga. Watu wa Tenebugu walisikia ngurumo siku nne mfululizo, kiangazi, mbingu haina wingu, na baadaye wakimbizi wakapita na mitungi vichwani wakisema kwamba kuta za udongo zilizowashinda wapanda farasi tangu enzi za mababu zilibomolewa kwa muda wa mtu kumaliza bakuli la uji. Kwa hiyo mjumbe wa serikali alipofika na kudai vijana watatu, Mzee Faraban hakubisha. Alitazama tu ni nani akimtoa hatamuuma sana.

"Siriman, mwanangu," akamwita.

Kwa miaka ishirini na miwili Siriman hakuwahi kuitwa mwanangu na mzee yule. Akajua jambo limekuwa zito.

"Naam, baba."

"Wanamtaka Banjugu." Banjugu alikuwa mtoto wa kwanza wa Faraban, rika moja na Siriman. "Unamjua Banjugu. Kifua chake kibovu, na ndiye atakayenizika."

Siriman akatazama mchanga.

"Ukirudi," mzee akaendelea, "hutarudi kwenye jembe langu. Nitalisema hilo mbele za watu."

"Na nisiporudi?"

"Mama yako yuko kwangu. Atakula."

Nyeba alipoambiwa hakutoa chozi hadharani. Alitwanga uwele wa safari, akauchanganya na asali, akaufunga kwenye ngozi ya mbuzi. Aliyelia ni Zanke. Alimfuata kaka yake hadi mpakani mwa mashamba, na hata mzaha mmoja haukumtoka.

Katika kambi ya mafunzo walivuliwa nguo, wakapimwa urefu kwa fimbo, wakapewa kofia nyekundu na viatu ambavyo wengi walivivaa shingoni kwa wiki mbili za kwanza. Huko ndiko Siriman alikokutana na Keletigi Traore, jitu la mtu, mwindaji kutoka upande wa Bugune.

"Wewe ukoo gani?" Keletigi alimwuliza wakiwa foleni ya chakula.

"Jara."

"Jara? Basi leo nimepata mtumwa wa kunibebea sahani. Nyinyi si watumwa wetu akina Traore tangu dunia haijakauka? Mla kunde wewe."

Utani huo ni wa tangu jadi. Traore humwita Jara mtumwa, naye Jara humrudishia vilevile, na asiyejibu ndiye mjinga. Lakini Siriman hakuwahi kutaniwa. Kwao, neno hilo likielekezwa kwake lilikuwa jina tu la alivyo, na hakuna aliyeona haja ya kumcheka nalo. Alisimama na sahani mkononi.

"Mtumwa ni wewe, Traore," akasema hatimaye. "Na hizo kunde ulituibia."

Keletigi akacheka hadi wa mbele wakageuka. Siku nzima Siriman alitembea kama mtu aliyepewa kitu. Bunduki aliyogawiwa siku ya pili yake haikumpa furaha ile.

Walisafirishwa kwa reli, kwa mashua, kwa meli, mpaka Ufaransa. Siriman alidhani vita ni watu kukimbiliana. Huko alikuta watu wamechimba ardhi kama panya buku, mwendo wa siku nyingi, wamekaa ndani ya tope wakingoja kuuawa na mtu asiyewajua, aliyeko nyuma ya kilima wasichokiona. Mizinga ililia juma zima usiku na mchana. Hata iliponyamaza masikio yaliendelea kuvuma. Kulikuwa na moshi wa kijani uliotambaa chini kama ukungu wa mto, na aliyeuvuta alizama nchi kavu. Siku moja alipita penye handaki lenye watu kumi na wawili wakinywa supu. Akaenda hatua chache, akainama kufunga kamba ya kiatu. Alipoinua kichwa hapakuwa na handaki, wala supu, wala watu. Walitumwa kukusanya wa kuzika, wakarudi na ndoo moja, nayo haikujaa.

Majira ya baridi yalipoingia askari weusi walipelekwa kusini, kwenye joto kidogo, na yeye na Keletigi wakaazimwa kiwanda cha makombora kubeba masanduku. Ndani walikuta wanawake, safu kwa safu, nywele zimefungwa kwa vitambaa, mikono na nyuso zimekuwa manjano kwa baruti. Waume zao walikuwa kwenye mahandaki. Wengi walivaa nguo nyeusi za msiba, na hawakusimamisha kazi. Mashine zilipanda na kushuka, na kila ziliposhuka, kombora jingine lilikuwa tayari.

Keletigi alitazama kwa muda mrefu. "Hawa wanatwanga," akasema.

"Wanatwanga chuma."

"Na mlaji nani?"

Walibeba masanduku yao.

Mwezi wa nne mwaka wa kumi na saba walirudishwa kaskazini mapema mno. Waliagizwa kupanda kilima alfajiri, na theluji ikawa inaanguka. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi; askari hawakuweza kuzifunga singe kwenye bunduki. Keletigi alijaribu yake kwa meno.

"Jara," akasema, "nifungie, mtumwa wangu."

Siriman akamfungia kwa viganja, bunduki ameibana kifuani. Wakaenda hatua labda mia. Bunduki za rashasha zilianza upande wa kulia, zikaufyeka mstari wao kama mtu anayefyeka majani na hana haraka. Keletigi aliketi. Hakuanguka, aliketi chini kama mpagazi aliyetua mzigo, na hakuinuka. Siriman alijilaza katika shimo la kombora kando yake siku mbili. Walipomtoa, miguu yake ilikuwa myeusi kuliko ngozi yake. Hospitali walikata vidole vyote vya mguu wa kushoto na vitatu vya kulia, na miezi kadhaa baadaye jenerali mmoja akapita kati ya vitanda akimbandika nishani kila aliyeweza kukaa wima.

Ilikuwa kitandani hapo, mwanzoni mwa mwaka wa kumi na nane, kapteni wa msafara wa kuandikisha askari alipomkuta. Alifuatana na mkalimani aitwaye Demba, mtu wa maneno mazuri na kucha safi. Serikali ilihitaji watu zaidi, Demba alieleza, na safari hii haikutaka kuwafunga kamba. Ilitaka waje wenyewe.

"Utakwenda kwenu na nishani yako," Demba alisema. "Watu wakuone. Utawaeleza ulichokiona."

"Chote?"

Kapteni aliuliza kasema nini. Demba akamwambia kwamba amekubali.

Kisha zikaja ahadi. Atakayejiandikisha kwa hiari, jamaa zake hawatatozwa kodi ya kichwa wala kupelekwa kazi ya barabara. Na Siriman alipotaja, kwa sauti ya chini, hali ya mama yake, Demba alizungumza na kapteni kidogo, akarudi na jibu. Familia itakayotoa askari wawili, mama atapewa hati ya uhuru yenye mhuri. Hakuna wa kumtwangisha tena.

Siriman aliyalaza maneno hayo kifuani muda wote wa safari ya meli. Aliyageuza huku na huku. Alijua handaki ni nini. Lakini kila mtu hospitalini alisema vita vinakwisha, Wamarekani wanamiminika; atakayeandikwa leo atafika kambini kufundishwa kushika bunduki, na kabla hajamaliza itakuwa amani. Alijiambia hivyo mara nyingi, mpaka ikawa kama jambo aliloambiwa na mtu mwenye kujua.

Walipokaribia Tenebugu, nusu ya vijana walikuwa wamejificha porini. Habari ilikuwa moja tu kwa miaka miwili: wanaochukuliwa hawarudi. Ndipo Siriman akatokea juu ya farasi wa serikali, koti la buluu, nishani kifuani. Vigelegele vikavunja kijiji. Vijana wakachomoza porini mmoja mmoja kumtazama mtu aliyetoka kwa wafu.

Nyeba alimshika uso, kisha mabega, kisha akainama na kumvua viatu kama alivyomvua akiwa mtoto.

"Vidole viko wapi?"

"Baridi, mama."

"Baridi gani inayokula vidole?"

Zanke alikuwa amekwisha kulivaa koti la kaka yake na kupita uani akiwaamuru kuku wajipange mstari. Alikuwa amerefuka, miaka kumi na minane, na watoto wa rika lake walimfuata kila alikokwenda ili wasipitwe na atakachosema.

Alasiri ile Nyeba alimwita Siriman nyuma ya ghala la uwele.

"Kesho watakusimamisha," alisema. "Usiseme kitu. Zanke hana sikio kwa mtu mwingine ila wewe."

"Mama, watachukua watu vyovyote vile. Akienda kwa hiari unapata hati. Utatoka ua huu."

"Nilikuambia nataka kutoka?"

"Nani asiyetaka?"

"Wewe ndiye unayetaka," Nyeba alisema. "Mimi nataka wanangu wawili."

"Vita vinakwisha, mama."

"Uliviona vikiisha?"

Asubuhi watu walikusanyika mbele ya ukumbi wa Mzee Faraban. Kapteni alisema, Demba akatafsiri, na tafsiri ilikuwa tamu kuliko hotuba. Kisha wakamwita Siriman. Kwa siku nyingi alikuwa amepanga maneno mengi, mengine ya onyo yaliyofichwa ndani ya mengine. Alipowatazama watu wote wakimtazama, wazee wa kiungwana wakingoja kauli ya mzalia kwa mara ya kwanza katika maisha yao, maneno yale yakamwishia.

"Nilikwenda," akasema. "Nimekula nyama kila siku. Vita vinakaribia kwisha. Nami nimerudi."

Bibi mmoja, mama wa kijana aliyeondoka pamoja naye mwaka wa kumi na tano, akauliza kutoka nyuma, "Na mwanangu je?"

"Yuko Ufaransa," Demba alimjibu.

Haikuwa uongo. Siriman mwenyewe alisaidia kumweka huko, chini ya msalaba wa mbao ulioandikwa jina la mtu mwingine.

"Kaka," sauti ya Zanke ikasikika, "umesema nyama kila siku?"

"Kila siku."

"Basi niandikeni, maana mlenda umenifika hapa." Akaonyesha shingoni.

Watu walicheka. Hata kapteni alicheka baada ya kutafsiriwa. Zanke akajitokeza, na kwa kuwa Zanke amejitokeza, rafiki yake naye akajitokeza, na wa tatu na wa nne, mpaka wakawa kumi na mmoja. Kijiji kilichodaiwa watatu kwa mtutu mwaka wa kumi na tano kilitoa kumi na mmoja kwa kicheko. Majina yalipokuwa yakiandikwa, mchi ulianza kulia uani kwa Faraban, ingawa uwele wa siku ile ulikwisha kutwangwa.

Siriman aliachwa kijijini kwa sababu ya miguu. Mzee Faraban alitimiza neno lake kwa kadiri yake: alitangaza kwamba Siriman halimi tena shamba la bwana, na akamgawia kipande cha ardhi ya kokoto karibu na bwawa. Hati ya mama ilikuwa njiani, Demba alikuwa amesema. Mvua zikaja, zikaenda. Uwele ukavunwa.

Kilichokuja badala ya hati ni homa. Ilishuka na askari kwenye reli, ikafuata njia za soko, na katika mwezi mmoja Tenebugu ilizika watu arobaini. Mzee Faraban alikohoa siku tatu, akafa siku ambayo, walikuja kujua baadaye, ilikuwa ya tatu tangu mizinga inyamaze Ulaya. Banjugu mwenye kifua kibovu hakuugua kabisa. Alimzika baba yake, akakalia ngozi yake ya ukuu.

Kilio hakijatulia, tarishi akaleta karatasi. Ilikuwa na majina manne ya vijana wa Tenebugu. La pili lilikuwa Zanke Jara, na mbele ya kila jina neno lilikuwa lilelile: ametoweka.

Siriman alitembea siku mbili na nusu hadi mjini kwa miguu yake isiyo na vidole. Ofisini alimkuta karani, kijana mweusi wa pwani ya Senegali, mpole, aliyemwomba aketi kabla hajamsomea faili. Meli ilikuwa ikiwavusha kuelekea Ufaransa mwezi wa saba. Nyambizi ya Wajerumani iliipiga kabla ya mapambazuko. Wengi walikuwa wamelala sitaha za chini. Ilizama kwa robo saa.

"Kwa hiyo wamekufa," Siriman alisema.

"Ametoweka maana yake maiti haikuonekana. Siwezi kuandika amekufa kama hakuna aliyeiona maiti. Ndiyo sheria."

Kwa kuwa Siriman amekwisha kufika, na kwa kuwa hakujua atarudi na nini mkononi, akauliza habari za hati ya uhuru ya mama yake.

"Hati ya nini?"

Akaeleza. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mzee wangu," alisema, ijapokuwa Siriman alikuwa na miaka ishirini na mitano tu, "utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka wa tano. Ni miaka kumi na mitatu sasa. Mama yako alikuwa huru kabla hujavaa hilo koti. Angeondoka siku yoyote. Hakuna hati kwa sababu kwa serikali hakuna mtumwa."

"Kapteni aliahidi."

"Kapteni alikuwa anatafuta watu."

Njia ya kurudi Siriman hakuikumbuka baadaye. Alikumbuka tu kwamba alipoingia uani mama yake aliacha kutwanga, jambo ambalo hakulifanya kwa wageni.

"Wanasema ametoweka," akamwambia.

Nyeba alilifikiria neno hilo. "Aliyetoweka yupo mahali," akasema, akainua mchi.

Wale saba waliobaki walirudi mwaka wa kumi na tisa, wawili kati yao vipofu kwa moshi wa sumu uliowapata mazoezini, na kijiji hakikuwa kilekile tena. Askari walikataa kuvua kofia mbele ya Banjugu. Wakamwuliza mbele ya wazee kwa nini wazalia wamlimie. Mwaka ule kaya tisa za wazalia zilifunga mikeka yao, zikaenda kujenga upande wa pili wa bwawa mahali palipoitwa Ua wa Wenyewe. Hakuna aliyewazuia. Baadhi ya waungwana walishika jembe kwa mara ya kwanza, na malengelenge ya viganja vyao yakawa kichekesho sokoni.

Siriman alijenga huko, lakini hakukaribishwa kama wengine. Walimpa jina. Akina mama waliokuwa na watoto kwenye ile karatasi ndio walioanza, kisha likashika hata kwa wasiojua lilikotoka. Walimwita Chambo.

"Sogeeni, Chambo anapita," wangesema kisimani. "Nyama kila siku, eti." Alipotuma posa kwa baba mmoja wa kijiji cha jirani, alirudishiwa kokwa za kola alizopeleka kama posa, na ujumbe: binti yangu si samaki.

Hakujitetea, maana hakuona mahali walipokosea.

Jambo moja tu alilitaka, nalo alilifuata kwa Banjugu. Alimkuta ameketi ukumbini peke yake, amenenepa, amechoka.

"Mimi ndiye niliyetakiwa kwenda," Banjugu alisema kabla Siriman hajatoa salamu zote. Pengine lilikuwa limemkaa kooni siku nyingi.

"Ndiyo."

"Unataka nikushukuru?"

"Nataka mama atoke hapa aje kwangu."

"Mimi simzuii. Nilimwambia tangu mwaka jana apumzike, wake zangu wanajua kutwanga. Nenda kamwulize mwenyewe."

Nyeba alikuwa akipepeta. Hakuacha.

"Siendi," alisema.

"Mama, hapa si kwako. Hapa hujawahi kuwa na kitu."

"Zanke aliondokea hapa. Akirudi atakuja hapa. Ataniulizia wapi, huko kwenye vibanda vyenu ambavyo hajapata kuviona?"

Ndipo Siriman alipomwambia. Alikaa chini mbele ya ungo, akamwambia yote ambayo hakuyasema siku ile ukumbini: ndoo isiyojaa, wanawake wa manjano, Keletigi alivyoketi kwenye theluji, mwana wa jirani na msalaba wa jina la mwingine. Akamwambia juu ya meli. Akamwambia kwamba hati ile haikuwahi kuwepo, wala haikuhitajika. Alisema kwa muda mrefu, na pumba zilikuwa zikimwangukia magotini.

"Kwa hiyo Zanke alizama, mama. Ni maji makubwa kuliko mto Joliba. Hayana ng'ambo."

"Kila maji yana ng'ambo." Mikono ya Nyeba ilikuwa imesimama. "Bani aliuvuka mara mbili bila kupumzika. Ulimfundisha wewe."

"Nilimfundisha."

"Ulimwona akizama?"

"Sikumwona."

"Yuko aliyemwona?"

"Hakuna."

"Basi," Nyeba alisema, akaendelea kupepeta.

Akabaki kwenye ua wa bwana wake, mwanamke aliyekuwa huru kwa sheria, kwa kauli ya mkuu wa kijiji na kwa nyumba aliyojengewa na mwanawe, akitwanga uwele ambao hakuna aliyemlazimisha kuutwanga. Kila siku ya soko Siriman alimpelekea mzigo wa kuni. Aliupokea, akamwuliza, "Mjini wanasemaje?" Mwanzoni alimjibu kwamba faili limefungwa. Miaka ilipozidi akawa anajibu, "Bado," kwa sababu neno hilo lilimwezesha mama yake kula.

Nyeba alikufa katika mvua za mwaka wa ishirini na saba. Matangani, mpiga sifa wa kijiji alisimama, kama ilivyo ada, kutaja mbele ya watu uzao aliouacha marehemu. Alikwama. Akamwinamia Siriman na kumwuliza sikioni, "Nitaje wangapi?"

Siriman alitazama umati, na wengi waliokuwa pale walikuwa mama za waliotoweka, waliokuja kusikia atajibu nini, maana jibu lake lingekuwa jibu la watoto wao pia. Alijaribu kusema. Akashindwa. Mpiga sifa alingoja, akangoja, kisha akaruka sehemu ile, akaendelea na majina ya mababu wa Faraban.

Siku hizo uandikishaji ulikuwa umekuwa jambo la kila mwaka, vita au amani. Daktari alikuja na fimbo yake ya kupimia, vijana wakavua nguo, wakapanga mstari mbele ya ukumbi wa Banjugu. Banjugu alimtumia Siriman ujumbe mara mbili kwamba bwana wa serikali anapenda kumwona mkongwe mwenye nishani akiwa amekaa naye. Mara ya kwanza alijibu kwamba miguu inamuuma. Mara ya pili tarishi hakumkuta. Alikuwa shambani mwake kwenye kokoto, analima, ingawa ilikuwa kiangazi kikavu na hapakuwa na kitu cha kupanda.